Saa ya Ng'ambo

Mwalimu Rubeni, msimamizi wa mashindano ya chesi, alimtazama Tabita aliyekaa peke yake nyuma ya kete nyeusi. "Binti, mpinzani hajafika. Nikuandikie ushindi, uende zako fainali za Dodoma?"

"Tumsubiri, Mwalimu. Watson anatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima."

Dodoma haikuwa moyoni mwake. Tangu Watson ahamie Zambia kwa mjomba wake, hawakuwahi kukaa tena meza moja, na mchezo ukiisha angerudi hukohuko.

Watson akaingia ukumbini akihema.

"Mzambia, saa umeiacha forodhani?" Yonasi alimtania kutoka benchi la watazamaji.

"Ninyi ndio mnaokimbiza jua," Watson akajibu, akaketi. "Habari, Tabi."

"Nzuri. Anza, nyeupe ni zako."

Akaanza kama zamani, walipojifunza chesi kwenye ukumbi huuhuu wa kanisa. Askari wa katikati hakuwagusa, akasogeza wa pembeni.

"Bado unazunguka tu?" Tabita akauliza.

"Katikati kuna watu wengi."

Hata kwa maneno alikuwa hivyo. Kuna neno moja alilizunguka miaka yote, na Tabita akalisubiri mpaka siku Watson alipohama nalo.

Tabita akaikamata katikati aliyoachiwa. Farasi wake wakasonga, malkia akafuata, mpaka mfalme mweupe akabanwa kwenye kona. Hatua ya mwisho akaiona. Akaweka mikono mapajani. Akiicheza, Watson atanyanyuka. Muda wake kwenye saa ya mchezo ukawa unaliwa, naye anatazama vidole vya Watson, kile chenye kovu la pasi, lilelile.

"Cheza, Tabi," Watson alisema taratibu. "Umeshaiona."

"Nimeiona."

"Basi usinionee huruma."

"Si huruma."

Watson akainua uso, kisha akageukia kete zilizoliwa, akazipanga pembeni. Tabita akasogeza malkia, na mfalme akakosa pa kwenda.

Tabita alimsindikiza mpaka mpakani.

"Kawafunge na huko Dodoma," Watson alisema. "Mimi nitajaribu kupitapita huku."

"Siku ukija, Watson, pita katikati."

Watson akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaitikia kwa kichwa, akavuka.

Tabita alibaki kwenye uzio. Simu yake ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia, na saa ikarudi nyuma. Kwa saa hiyo Watson alikuwa bado amekaa mbele yake, na malkia hajasogezwa. Hakuirekebisha.