Kicheko cha Elina Kiko Kinyangiri

Jumanne, saa mbili asubuhi, kinu cha Elina kilinyamaza. Alikuwa nje ya jiko lake pale Mungaa, anatwanga mtama. Mchi ulipanda, ukashuka, na haukutoa sauti yoyote. Alichungulia ndani. Mtama ulikuwa unatwangika kama kawaida, kwa hiyo akaendelea. Alipomaliza ndipo alipoiona kibodi ya mumewe, imefunguliwa, imelazwa juu ya gunia kando ya kinu.

Mumewe, Melkizedeki, alikuwa na steshenari ya kuchapa barua na fomu za watu. Mwaka juzi kibodi yake ya kazini ilikufa. Alieleza shida yake kwenye kundi moja la WhatsApp, na mtu asiyemjua, mwalimu Amne wa Sepuka, akamtumia nyingine kwa basi, bure, imefungwa kwenye khanga. Ilikuwa ya zile zinazoundwa kwa mkono, kila kibonye na swichi yake, na kila kibonye kikiguswa kinalia. Melkizedeki alibonyeza mara moja, akakaa chini. Tangu siku hiyo hakupona.

Kundi lilikuwa na watu kumi na tisa, wote wa mkoani, wote wagonjwa wa ugonjwa huohuo. Walipeana swichi, walipeana waya, walipeana vibonye vilivyochongwa kwa pembe la ng'ombe. Mwiko wao ulikuwa mmoja: kibodi ikishatolewa, hairudi. Elina hakuwachukia. Msimu aliovunjika mkono walikuja wote wakamvunia alizeti ekari tatu kabla ya saa sita mchana, kisha wakakaa kivulini wakisikilizishana vibonye kama watoto wenye vifaranga.

"Wifi," Amne alimwambia siku ile, "mumeo ana mkono wa kutoa."

"Anao," Elina alisema. "Wa kupalilia ndio sijauona."

Kilichompa Melkizedeki jina ni sauti za nyumbani kwake. Akiilaza kibodi mpya aliyoiunda, ikiwa wazi, karibu na kitu kwa siku mbili tatu, sauti ya kitu hicho ilihamia kwenye vibonye. Kibodi ya kinu alipewa Amne. Walimu wenzake wakawa wanasikia njaa kila anapochapa mtihani. Kibodi ya mvua juu ya bati ilikwenda kwa fundi redio wa Singida mjini, na tangu hapo mvua ikinyesha Elina alijua kwa kuona nguo zimelowa kambani. Jogoo akafuata. Kila alfajiri alipanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, akashuka.

"Dada Elina," jirani yao Witness aliuliza, "huyu jogoo wenu kafunga Kwaresima?"

"Kapewa mtu wa Manyoni. Mwili kauacha."

Mwezi wa sita Paschal wa Kinyangiri, mmoja wa wale kumi na tisa, alifiwa na mke. Aliandika kwenye kundi kwamba nyumba yake imekuwa kimya mno, akipika mboga anasikia chumvi ikiyeyuka. Melkizedeki alisoma ujumbe ule wakati wa kula, akarudisha tonge kwenye sahani.

Wiki iliyofuata Witness alikuja kusimulia jinsi mbuzi wa mchungaji alivyokula daftari la kwaya. Elina akacheka. Mabega yalitikisika, machozi yalimtoka, mdomo ulikuwa wazi, na hapakusikika kitu. Witness alingoja amalize, akaendelea na habari ya mbuzi.

Kicheko kile Elina alikirithi kwa mama yake. Mama alikuwa amekufa bila picha hata moja, na watu waliomfahamu walikuwa wakimsikia Elina akicheka wanageuka. Hakuwa na kitu kingine cha mama yake. Alichungulia chini ya kigoda alichokalia tangu Jumapili, akaona alama nne za miguu ya kibodi kwenye vumbi. Akaenda steshenari.

"Melki, kicheko changu kiko wapi?"

"Kwa Paschal. Kimepanda basi la asubuhi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa?"

"Nisingekataa. Ungeniuliza."

Melkizedeki alifikiri kwa dhati, maana alimpenda mkewe na hakutaka kumjibu ovyo.

"Sasa kama usingekataa," alisema, "ningeuliza nini?"

Mwezi wa tisa, alizeti ilipokwisha kukamuliwa, Elina alichukua basi hadi Singida mjini, akapanda lingine hadi Kinyangiri. Paschal alikuwa mtu mzima kuliko Melkizedeki.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Kaa."

Kila mchana Paschal alimwandikia marehemu mkewe habari za mifugo. Aliwasha kompyuta, akaanza kuandika, na kicheko kikajaa sebuleni. Kilianza chini kama maji yanayokaribia kuchemka, kikapanda, kikakatika mara mbili, kikamwagika. Elina alifumba macho. Mama yake alikuwa amekaa kiti cha pili.

Paschal akaondoa mikono.

"Kichukue, shemeji. Mwiko tutauvunja. Wataninunia tu."

Elina alifumbua macho, akatazama. Maharage yalikuwa jikoni yanachemka. Shati la Paschal lilikuwa limepigwa pasi, na mashavu yaliyoingia ndani siku za msiba yalikuwa yamerudi.

"Andika," alimwambia. "Hujamaliza habari za ndama."

Alirudi Mungaa kesho yake. Melkizedeki alimpokea mfuko barabarani.

"Inaliaje?"

"Vizuri."

"Kile kibonye kirefu hakikwaruzi?"

"Hakikwaruzi."

Melkizedeki alifurahi sana. Alikuwa amempikia kuku, na jioni wakakaa mkekani nje, akamsimulia jinsi fundi redio alivyomwaga mafuta ya alizeti kwenye swichi zote, zikaganda kama zimepigwa gundi, na siafu wakala herufi tano. Elina alicheka kimya mpaka akalala chali. Mumewe alimtazama kwa upendo, akafuta machozi yake kwa kidole. Kisha akavuta kibodi mpya, iliyo wazi, akaisogeza taratibu upande wa kushoto wa kifua cha mkewe, aone kama moyo nao unalia vizuri.

Elina aliinua mkono, akaipisha.