Fulana Mbea

Bi Pindo, kama wateja walivyomwita, alishona nguo miaka arobaini na hakuna hata moja iliyowahi kumsengenya. Sasa binti yake, mhandisi wa vitambaa, kamletea fulana mbea.

"Haina betri wala chaja, mama. Ukijongea, nyuzi zinasuguana zinatoa umeme. Umeme unaendesha kipimo hiki cha kifuani, nami naona mapigo ya moyo na mwendo wako kwenye simu."

"Na nikitulia?"

"Kinazimika. Ila moyo ukienda mbio mara tatu wiki hii, cherehani tunauza, unahamia kwangu. Daktari kasema upumzike."

Hebu fikiria! Cherehani ile ile iliyomsomesha huyo mhandisi! Kuhamia kwa binti maana yake ni kukaa kwenye sofa kuangalia tamthilia mpaka makalio yaote mizizi. Bi Pindo aliliogopa sofa lile kuliko kaburi.

Kufikia Jumatano maji yalikuwa shingoni. Moyo ulishakimbia mara mbili: alipopandisha jora la kitambaa ghorofani, na pale bibi harusi mmoja alipodai eti gauni ndilo lililomnenepesha. Alhamisi zilimsubiri sare ishirini za shule. Akaivua fulana. Lakini ikizimika binti atapiga simu, basi akaifunga kwenye kanyagio la cherehani. Itajongea, itapata umeme wake, itanyamaza. Kwa fundi, kitambaa ni kitambaa. Kwamba kanyagio halina moyo, hilo halikumpitia kichwani.

Alikuwa kwenye kola ya saba mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Binti alisimama pale na kiatu mguu mmoja, machozi na kamasi havijulikani kipi ni kipi.

"Mama! Mzima?"

"Nimekufa. Nasubiri nimalize kola."

Binti akamwonyesha simu. Mapigo ya moyo: hakuna. Mwendo: anakimbia. Nusu saa nzima marehemu alikuwa akitimua mbio.

Bi Pindo alicheka mpaka akaona ule mguu usio na kiatu. Ulikuwa unavuja damu. Kicheko kikamkauka, na aibu ikamshika, aibu ya kweli. Akaifungua fulana, akaivaa palepale bila hata kuisema mishono yake, ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa ya hovyo.

Simu ikalia. Moyo mbio. Mara ya tatu.

Wakatazamana. Bi Pindo akafunika cherehani kwa kitambaa chake, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Haya, mwanangu. Uza."

Akamwosha binti mguu, akaufunga kwa kipande cha sare, kisha akakaa, mikono mapajani. Alipumzika kama daktari alivyotaka. Hakujongeza hata kidole. Binti aliitazama simu yake. Mapigo yakashuka vizuri, yakatulia, kisha kioo kikaandika: hakuna.

"Mama?"

"Nipo."

"Jongea basi!"

"Nimepumzika."

Binti alimtazama mama yake aliyekaa pale kama mgeni kwenye kiti chake mwenyewe. Akatazama tena lile neno kwenye simu. Alishalisoma nusu saa nzima njiani, na hakutaka kulisoma tena. Akainuka akichechemea, akakifunua kile kitambaa, akaisogeza kola ya saba chini ya sindano.

"Kanyaga, mama," akasema. "Ila polepole."