Nusu ya Kazi ya Froilán

Froilán alikuwa na domo, na domo hilo ndilo lililomkosesha Sabela riziki. Mwezi wa Aprili Sabela, mhasi wa mifugo, alipokwenda kuwahasi watoto wa nguruwe wa Froilán, Froilán aliikataa sindano ya ganzi. Akanyakua wembe akawakata mwenyewe, vilio vikafika hadi kanisani. Watatu walivuja damu wakafa. Jioni ile ile, baa nzima ikaambiwa kuwa aliyewaua ni Sabela.

Tangu hapo Sabela alizunguka vijiji akipuliza filimbi ya wahasi aliyoachiwa na baba yake, na hakuna aliyemwita. Alimchukia Froilán kwa moyo wake wote.

Septemba, akichungulia juu ya ukuta, alimwona nguruwe wa Froilán, mmoja wa wale wa Aprili ambaye sasa alikuwa mkubwa, akitokwa povu mdomoni na kuwapanda wenzake. Akajua papo hapo: korodani moja ilikuwa imejificha tumboni, na yule bingwa wa wembe hakuitafuta. Angehasiwa vizuri siku hizo, nyama ingepoteza harufu ya dume kufikia Novemba, mwezi wa kuchinja. Nguruwe alimtia huruma. Mwenye nguruwe hakumtia. Akanyamaza.

Siku ya kuchinja, jirani huenda kusaidia hata kama hamsemezani. Sabela akaenda. Akaikanda nyama ya soseji kwa kitunguu saumu na paprika, kisha akakaanga kidogo ya kuonjwa, kama ilivyo desturi. Harufu ya mkojo mkali ikajaa jikoni. Wageni wakaweka uma chini.

"Nini hiki, Sabela?" aliuliza Dosinda, mke wa Froilán.

"Dume, dada. Mumeo alifanya nusu ya kazi."

"Ulijua?" Froilán akadakia.

"Tangu Septemba."

"Na ukanyamaza? Kilo mia mbili hizi, we mwanamke."

"Si ulisema mkono wangu unaua, bwana? Nikaogopa kugusa mifugo yako."

Mtu mmoja akacheka. Dosinda hakucheka. "Mwakani uje wewe na sindano zako," alimwambia Sabela. "Huyu hashiki wembe tena."

"Nitakuja, dada. Ila kwanza aseme ni nani aliyewaua wale watatu."

Nyumba nzima ilimgeukia Froilán. Akainamisha kichwa. "Ni mimi," alisema.

Sabela alimmiminia divai, taratibu, hadi kikombe kikajaa.

"Rudia, bwana. Wale wa mlangoni hawakusikia."