Ndege Iliyosema Shamba Limelowa

Niliota usiku wa jana kuwa ile ndege inayopima unyevu na joto la udongo kutoka angani imetua katikati ya shamba la Mama Nkwimba. Inaomba kigoda, inapewa, inakaa. Nami nipo kikazi: ndege ikipita juu, mimi napima chini kwa kipimo cha pini tatu zinazochomekwa ardhini, kisha tunalinganisha; tukitofautiana, changu ndicho kinachofuatwa.

"Shamba hili lina unyevu wa asilimia thelathini na nane," inasema ndege kwa sauti ya mgeni rasmi. "Maji ya bwawa yapelekwe kijiji kingine."

Mama Nkwimba anautazama mtama wake, ambao umekauka mpaka unakohoa. "Baba, hayo maji umeyaona wapi?"

"Sijayaona, mama. Mimi ni wa juu. Nilimwamini huyu wa chini."

Wote wananigeukia, hata mtama.

Nikaeleza. Siku niliyopima hapa jua lilikuwa kali na ardhi ngumu kama tofali. Pini zikivunjika, ofisini wanataka maelezo ya kurasa tano. Kwa hiyo nilimwaga maji kidogo ya chupa, udongo ukalainika, nikachomeka, nikaandika nilichosoma. Mafundi wengi tunafanya hivyo, tena kwa moyo safi.

Hapo shamba likawa ukumbi wa mikutano. Matuta yameketi viti vya mbele. Moja linasimama, linajikung'uta vumbi.

"Bwana Mpimaji, tunakushukuru kwa ile chupa. Tuligawana. Sasa nawe upimwe kwa utaratibu wako. Vua kiatu."

Navua. Matuta yananichoma pini kisiginoni, zinagoma kuingia.

"Mgumu huyu," linasema tuta. "Mmwagieni maji."

Mama Nkwimba anamimina kikombe chake cha mwisho cha maji ya kunywa kwenye kisigino changu, taratibu, bila kunilaumu. Bora angenitukana. Pini zinaingia.

"Haya, asilimia tatu," inasoma ndege. "Na hapo ameshamwagiwa maji."

Nikaamka kumekucha. Nikajicheka, nikakaa kitandani nivae soksi. Kisiginoni kuna matundu matatu madogo, yamepangana sawasawa na pini za kipimo.

Ripoti inatakiwa saa nne. Nimechukua kipimo na nyundo ya kugongea pini, naelekea shambani kwa Mama Nkwimba. Chupa ya maji nimeiacha mezani.