Asali ya Wageni wa Mradi

Mwezi wa kumi Itigi haina asali. Wanunuzi huisomba tangu mwezi wa saba, ikapanda treni na malori ikaenda zake, na inayobaki majumbani ni kidogo tu ya kikohozi cha watoto. Ndiyo maana siku ya wageni, nilipoingia ukumbini nikakuta meza imejaa chupa za asali zilizofungwa utepe, nilijua kuna jambo kabla sijauliza chochote.

Nilikuwa natoka Manyoni. Dakta Abraham, msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu, alinituma jana yake nikachukue bango la mradi, lile lenye nembo ya chuo chetu na ya chuo rafiki cha Ulaya. Bango! Kana kwamba Itigi nzima hakuna mtu mwingine wa kubeba bango. Ikabidi nilale huko huko, kwa sababu mchapaji alikosea jina la profesa mgeni akalazimika kuanza upya.

Nilichukua chupa moja nikaielekeza dirishani. Asali nyeusi, nzito, iliyokaa sana kwenye masega. Kwa mwezi ule, asali ya namna hiyo ilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye mizinga yangu.

Nieleze kwanza, ndipo nigombe. Huku kwetu kiangazi kikikaza nyuki huhama, na mrinaji hubaki na mzinga mtupu. Nilitaka kujua kama tukiwaachia asali yao watavumilia mpaka mvua zije. Basi mizinga ya upande mmoja wa vichaka tuliirina kama kawaida, na ya upande wa pili tukaiacha bila kuigusa, nikawa naipima uzito kila mwezi, miaka miwili. Kipimo cha mwisho kilipaswa kusubiri mvua za kwanza, na zilibaki wiki chache. Wafugaji nyuki wa Mitundu walishaanza kunisimamisha njiani wakidai jibu, maana na wao mizinga ilikuwa inawafia.

Dakta Abraham nilimkuta nyuma ya ukumbi akimwelekeza mpishi mahali pa kuweka kuku.

"Dakta, hii asali imetoka wapi?"

"Ooh, Damari, karibu. Bango limekuja?"

"Nimeuliza asali, Dakta."

Akanivuta pembeni huku akitabasamu, lile tabasamu lake la kuombea fedha. "Mdogo wangu, wageni wametoka mbali. Wafike Itigi waondoke bila kuonja asali? Sura zetu tungeziweka wapi?"

"Mmerina mizinga isiyoguswa?"

"Asali ni asali. Nyuki watatengeneza nyingine."

"Na kipimo changu cha mwisho?"

"Una vipimo vya miaka miwili, weka makadirio. Nani atakuja kuhesabu nyuki vichakani? Wewe simama, onyesha grafu zako, tabasamu. Hawa wakiridhika tunapata awamu ya pili. Tusipoipata hakuna gari, hakuna maabara, na hiyo ada yako sijui utalipiwa na nani."

Alisema hivyo bila hata kushusha sauti, kisha akamgeukia mpishi na habari za kuku.

Hilo la ada lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma. Mradi ndio ulionisomesha. Ningeweza kupika hizo takwimu, nikavaa joho, nikaitwa dakta kama yeye. Halafu mtu wa Mitundu angekuja kuniuliza, niwaachie nyuki asali au nisiwaachie? Ningemwonyesha grafu ya uongo, naye kwa kuniamini angeacha mapato ya nyumba yake yakae mzingani. Nilitamani kuchukua kisahani cha kuku alichoshika mpishi nikitupe usoni kwa Dakta Abraham. Sikukitupa, na mpaka leo sijui nani alinizuia.

Ukumbini wenyeji na wafugaji nyuki wa Mitundu walishajaa, na mstari wa mbele alikaa mzee Yohana, mlinzi wa mizinga yangu, amevaa fulana mpya ya mradi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona? Tumekamua vizuri, haina hata taka."

Kumbe ni yeye aliyerina! Mzee huyu aliwahi kuwafukuza wachoma mkaa kwa panga, akamkatalia hata mkwewe kijiko kimoja cha asali ile. Leo anaisifia mbele yangu. Nilimkasirikia. Nikampita, nikaenda kutundika bango.

Wageni wakaingia, wakakaribishwa, wakagawiwa chupa na vijiko. Profesa wao, mama mmoja mrefu mwenye mvi, alionja, akafumba macho, akasema maneno ya kusifu. Kila aliyesimama kuzungumza alisema kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, na Dakta Abraham akashika kipaza sauti kuwatafsiria wenyeji. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Zamu yangu ikafika. Grafu ikawaka ukutani, mstari unapanda vizuri, pale mwisho pana nafasi tupu. Niliitazama ile nafasi. Kisha nikawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba utafiti huu hautakuwa na jibu. Mizinga ambayo haikupaswa kuguswa imerinwa jana ili wao waonje asali, na jibu walilolifadhili miaka miwili limo kwenye chupa walizoshika.

Kijiko cha profesa kikasimama hewani.

Dakta Abraham hakukohoa wala hakumeza mate. Akawageukia wenyeji. "Anasema utafiti umefanikiwa sana, na matunda yake ndiyo haya mnayoyaona mezani."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Yohana alipiga makofi kuliko wote, na wageni wakawa wanatazamana, hawaelewi msiba huu unashangiliwaje.

Hapo hasira ikanitoka mdomoni bila ruhusa. "Sikusema hivyo!" Nilipaza sauti, na kipaza sauti sikukihitaji. "Nimesema utafiti umekufa. Ile mizinga tuliyoiacha miaka miwili imerinwa kabla ya kipimo cha mwisho. Ndugu zangu wa Mitundu, jibu lenu sina. Limeliwa."

Makofi yakakatika. Mzee Yohana akasimama polepole, ameshikilia mgongo wa kiti chake.

"Mwanangu, si wewe uliyeagiza?"

"Mimi?"

"Mimi nilikataa. Nilimwambia Dakta hapa, siigusi mpaka nisikie kwa Damari mwenyewe. Akaniambia amekupigia Manyoni, na wewe umesema nirine, ni zawadi yako kwa wageni. Ndiyo nikarina." Akaivuta ile fulana ya mradi kifuani kama inambana. "Nisingeigusa, mwanangu. Mungu anajua nisingeigusa."

Nilimwona mzee wa watu analia mbele ya kijiji chake kwa kosa ambalo si lake, kosa lililofanywa kwa jina langu. Hasira yangu kwake ikaisha palepale. Ikahamia yote kwa mtu mmoja, na sikuwa na haja ya kupiga kelele tena.

Profesa aliweka chupa chini, akainama kuelekea kwa Dakta Abraham, akamuuliza yule mzee amesema nini.

Dakta Abraham akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, macho yake yalikuwa yanaomba. Kiingereza changu kinatosha, ningeweza kutafsiri mwenyewe, tena kwa raha. Wenyeji walikuwa wakimsubiri. Nikakichukua kipaza sauti mezani alipokuwa amekilaza, nikamrudishia mkononi.

"Tafsiri, Dakta," nikamwambia. "Taratibu. Usiruke neno."