Bi Mkubwa Amepatikana

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umezama hadi kiwikoni chini ya dashibodi, upande wa abiria, ukipapasa breki ya pili, ile ya mwalimu wa udereva. Aliikuta mahali pake. Akaisukuma kwa kiganja, akaisikia ikizama na kurudi, ndipo akashusha pumzi.

"Ipo," alisema.

Koplo aliyesimama nje ya mlango akaandika kwamba ipo.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la zamani, na wanafunzi wa udereva walilipa jina la Bi Mkubwa kwa sababu halikubali kuharakishwa na mtu. Sasa lilikuwa limesimama katika uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, kati ya basi dogo lisilo na vioo na pikipiki zilizoota nyasi katikati ya tairi. Kila kitu ndani yake kilikuwa na unga mweusi: usukani, vitasa, kioo cha kuangalilia nyuma, hata kifuniko cha mkanda. Watu wa alama za vidole walikuwa wameshapita.

Koplo alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, asiyepandisha sauti. Alimweleza tangu asubuhi jinsi mambo yanavyokwenda. Kwanza mwenyewe anathibitisha kwamba gari ni lake, kwa kadi na kwa kitambulisho. Halafu analizunguka na askari, akisema kipi hakipo na kipi si chake. Kisicho chake hakigusi. Injini haiwashi, maana hajui mwizi amechezea waya gani. Halafu anatia saini, gari linakokotwa mpaka kwake, na hata huko mwenyewe halali usingizi mpaka vitasa vyote vibadilishwe, kwa sababu mwenye ufunguo bado yuko huko nje nao.

"Watu hudhani gari likipatikana mambo yamekwisha," Koplo alisema. "Gari lililoibwa ni kama mtoto aliyetoroka nyumbani. Akirudi humtengei chakula tu. Unamshika paji la uso kwanza, kama ana homa."

Redio haikuwepo. Tairi la akiba halikuwepo, wala jeki. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na maganda ya vitunguu na ndala moja ya mguu wa kushoto, na Mwalimu alisema hivyo si vyake. Koplo akavitia kwenye mfuko wa plastiki kwa kalamu, bila kuvishika, kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari.

Kila alichokitaja Mwalimu alikitaja kwa sauti ya kawaida, lakini moyo wake haukuwa kwenye redio wala kwenye tairi. Ulikuwa kwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa kona ya pili kutoka kwa Mwalimu. Yeye ndiye aliyelitumia gari mara ya mwisho, kumpeleka shangazi yao hospitali. Jioni alilirudisha, akaliegesha mbele ya geti, akapiga hodi na kusema tayari. Asubuhi pale palibaki doa la oili. Hapakuwa na kioo kilichovunjwa, hata punje moja chini. Polisi wakauliza funguo ziko ngapi na ziko wapi. Mmoja alikuwa nao Mwalimu mkobani. Wa pili alikuwa nao kinyozi, na alipoambiwa aulete, hakuuona.

Siku ile Koplo hakusema mengi. Alisema tu, kikulacho ki nguoni mwako, halafu akamwagiza kinyozi aripoti kituoni kila asubuhi mpaka uchunguzi uishe. Mwalimu naye, mbele ya askari na mbele ya wateja waliokuwa wamenyolewa nusu, alimwambia mdogo wake neno moja: "Ufunguo hauna miguu."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Tangu siku ile kinyozi alikuwa akifungua kibanda jua likiwa limeshapanda, wateja wake wakizoea kwingine, na salamu kati yake na dada yake zilikuwa za kupungiana mikono kwa mbali, kama watu waliokutana safarini.

"Kaa kwenye usukani," Koplo alimwambia. "Uangalie kama kuna kilichobadilika."

Mwalimu alizunguka, akaingia upande wa dereva, na magoti yake yakagonga chini ya usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho. Mwalimu alikuwa mrefu, na mdogo wake alimzidi kwa kichwa kizima. Akiendesha Bi Mkubwa alikuwa akirudisha kiti nyuma mpaka wa nyuma yake wanung'unike. Akainua macho kwenye kioo. Kilikuwa kimeinamishwa chini, kwa macho ya mtu mfupi, lakini kilikuwa kimewekwa sawasawa, kioo chote cha nyuma kikionekana bila kukatwa pembe.

Aliviacha vyote kama vilivyokuwa. Halafu akauliza gari lilikutwaje.

Koplo alipekua karatasi zake. Lilikutwa nyuma ya maghala, kwenye mteremko, alisema. Mafuta yalikuwa yameisha kabisa, ingawa mshale ulionyesha robo. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa, gia imeachwa kwenye kurudi nyuma, na magurudumu ya mbele yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara, yakaugusa. "Askari wa doria alicheka," aliongeza. "Anasema hajawahi kuona mwizi mwenye adabu namna ile."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa kwenye karatasi ya polisi. Kwenye mteremko, breki ya mkono peke yake ni ahadi ya mlevi. Weka gia ya nyuma, geuza magurudumu yaegemee ukingo. Aliyasema kila siku, kwa kila mwanafunzi, mpaka wengine walimwigiza sauti wakidhani hasikii.

Mdogo wake hakuwa mwanafunzi wake. Udereva alifundishwa na baba yao, na marehemu baba alikuwa mtu wa kuvuta breki ya mkono na kushuka huku mlango haujajifunga. Kinyozi alirithi hilo kama alivyorithi pua. Dada na mdogo wake walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo miaka na miaka, wala hakubadilika. Na jambo la mshale: Bi Mkubwa, tangu alipofikisha umri wake, mshale wake wa mafuta ulikuwa ukikwama kwenye robo. Waliojua ni wawili tu, yeye na mdogo wake, kwa sababu wanafunzi hawakujaza mafuta.

Alimweleza Koplo yote hayo polepole, moja baada ya jingine, kama anavyoeleza klachi. Koplo alisikiliza akiwa ameegemea paa la gari, halafu akasema inawezekana. Lakini inawezekana pia, alisema, kwamba kinyozi alimpa mtu mwingine ule ufunguo. Magurudumu hayasemi ufunguo ulitoka wapi.

Hapo ndipo Mwalimu alipoliona jambo ambalo muda wote lilikuwa mbele ya macho yake.

Alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo walimu wengine wa udereva waliicheka. Mwanafunzi wake hakuwasha injini mpaka akae kwanza kwenye gari lililosimama, asogeze kiti, aweke vioo, ajifunge mkanda, ashike gia na breki, tena na tena, mpaka mikono ijue njia bila macho. Siku za wanafunzi wengi, waliowahi kufika walikuwa wakipita kwa kinyozi kuchukua ufunguo wa pili, wakafungua gari, wakakaa kufanya mazoezi hayo peke yao huku wakimsubiri. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari pembeni ya kioo cha kunyolea, una utepe mwekundu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga utepe, usipotee.

"Mbona hukusema siku ile?" Koplo aliuliza.

"Sikujua kama ni jambo la kusema, afande. Ni la kila siku. Ni kama uniulize mlango wa nyumba yangu unafungukia upande gani. Mpaka niende niushike."

Koplo aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko alivyoandika juu ya redio.

"Kwa hiyo unataka nimwachie mmoja, nikakamate darasa zima."

"Sitaki umkamate mtu. Nakwambia lilivyo."

"Mtu mfupi, aliyesoma kwako. Unaye kichwani?"

Alikuwa nao kichwani zaidi ya mmoja. Kulikuwa na msichana aliyekuja na mto wake wa kukalia, na mzee wa makamo aliyeacha masomo bila kuaga, na fundi cherehani aliyependa kuuliza gari kama lile linaweza kubeba gunia ngapi. Kila aliyemfikiria, alimwona ameketi kimya kwenye gari lililosimama, akigusa kioo kwa ncha za vidole. Sentensi moja ilikuwa imemtosha kumharibia mdogo wake asubuhi zake zote. Hakuwa na haraka ya kutamka nyingine.

"Ufupi si jina, afande," alisema. "Kesho nitakuja nikutajie wote waliowahi kuchukua ule ufunguo, warefu kwa wafupi. Uchunguze wewe."

Koplo akakubali kwa kichwa. Alisema atampelekea mkubwa wake maelezo hayo, na kwamba kwa upande wake haoni tena sababu ya kinyozi kuendelea kuripoti. Lakini mpaka mkubwa atie saini, kesho aje kama kawaida.

Gari lilikokotwa mchana. Jua lilipoanza kulegea, fundi wa vitasa alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa dereva, mbele ya geti, skrubu akizishikilia kwa midomo. Mwalimu alikuwa upande wa pili akipangusa ule unga mweusi kwa kitambaa kilicholoa. Kadiri alivyopangusa ndivyo ulivyotapakaa, mpaka dashibodi ikawa kama ukuta wa jiko la mkaa.

Fundi akatoa skrubu mdomoni. Akamwambia kwamba maji ndiyo yanayouharibu. Unga ule hutolewa mkavu kwanza, kwa brashi laini.

"Brashi laini nitaitoa wapi saa hizi?"

"Huna ndugu kinyozi wewe?"

Hakukuwa na haja ya kujibu, maana kinyozi alikuwa ameshatokea kwenye kona, aproni bado shingoni, akija kwa mwendo wa mtu ambaye hajaamua kama anapita au anafika. Alisimama hatua chache kutoka kwenye boneti. Akaliangalia gari, akamwangalia fundi, mwisho ndipo akamwangalia dada yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Naona ufunguo umeota miguu."

Fundi akarudisha skrubu mdomoni na kuinamia kitasa chake kwa bidii sana.

"Nilikosea, mdogo wangu," Mwalimu alisema. "Na nilikosea mbele za watu. Nitakuja kibandani niseme mbele za watu."

Kinyozi akasema wateja wenyewe siku hizi hawapo, aje na viti vyake. Alisema hivyo bila kucheka, lakini alikuwa amesogea hatua moja. Mwalimu akamsimulia mambo ya mteremko, ya kiti na ya mshale, na kwamba amemweleza Koplo habari ya msumari na wanafunzi. Kinyozi alipolisikia hilo la mwisho akashika ncha ya aproni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Wewe ulikuwa unajua kwamba wanauchukua. Kwa nini hukulisema, ukajiokoa?"

Kinyozi alitazama kibao cha shule ya udereva juu ya geti, kilichoandikwa kwa mkono wa dada yake, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi.

"Ningesema, wangekuja kwako," alisema. "Mwalimu anaacha ufunguo wa gari la shule kwenye msumari, kila mtu anajichukulia. Wangekunyima kibali. Mimi kuripoti ni kuchelewa kufungua kibanda tu."

Mwalimu akakikamua kitambaa mpaka maji meusi yakatiririka hadi kwenye viatu vyake.

"Basi wataninyima," alisema mwishowe. "Kibali huombwa tena."

Kinyozi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa brashi yake ya kupangusia shingo za wateja, akaikung'uta nywele, akaingia upande wa dereva. Ilibidi kwanza arudishe kiti nyuma, na reli za kiti zililia mpaka fundi akageuka. Akaanza na usukani, kwa mapigo mafupi mepesi, na unga ukawa unadondoka kweli, ukiacha plastiki safi nyuma yake.

Walifanya hivyo bila maneno mengi. Mara moja tu kinyozi aliuliza kama maganda ya vitunguu yalikuwa mengi, na alipoambiwa ndiyo, akasema angalau mwizi alikuwa mtu wa mboga.

Fundi alimaliza swichi ya kuwashia na mlango wa dereva. Milango mitatu na buti vilibaki. Mwanga ulikuwa haumtoshi tena kuona pini ndogo, na alisema hafungi kitasa kwa kubahatisha. Alimpa Mwalimu funguo mpya, akakusanya vyuma vyake kwenye kitambaa, akaahidi kurudi asubuhi. Unga bado ulikuwa umejaa kwenye viti vya nyuma na kwenye vitasa ambavyo havijaguswa.

"Asubuhi utamkuta huyu peke yake," Mwalimu alimwambia fundi akimwonyesha Bi Mkubwa. "Sisi tutakuwa kituoni."

"Sisi nani?" kinyozi aliuliza kutoka ndani ya gari.

"Mimi na wewe. Wewe unaripoti, mimi nataja majina. Twende mapema, ukafungue kibanda chako."

Kinyozi aliifikiria habari hiyo, akiikung'uta brashi nje ya dirisha.

"Nipitie basi," alisema, akageukia mlango wa nyuma kuona kama bado kuna mwanga wa kupangusa kitasa kimoja zaidi.