Sindano za Watu wa Ng'ambo

Marcelina aliinua shuka, harufu ikampiga usoni. Tumbo la Mapendo lilikuwa gumu, limevimba. Ukiligusa tu, mtoto wa watu anauma meno. Mwili unachoma. Nesi yeyote aliyewahi kushika zamu wodi ya wazazi anaijua homa hiyo ya baada ya kujifungua: inataka sindano, tena sasa hivi.

Na sindano zilikuwepo! Hapo ndipo hasira zilipompanda. Makatoni kwa makatoni stoo, yameletwa na mashirika kwa ajili ya watu waliokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita vya Kongo. Za wenyeji zilikwisha zamani.

"Mgonjwa wako ni raia," alisema Oswald, mtunza stoo, bila hata kuinuka kitini. "Alisema mwenyewe kwao Katonga, upande huu wa ziwa."

"Alisema kwa kuogopa kambi! Kavuka juzijuzi na mimba yake. Hebu msikilize anavyoongea."

"Nusu ya Ujiji wanaongea vilevile, sista. Mlete na kadi ya kambi."

"Hawezi hata kukaa, ataifuata vipi?"

"Hilo si la stoo."

Marcelina alirudi wodini. Akamtundikia dripu, akaloweka kitambaa, akampangusa. Zuleha, shangazi yake Mapendo, alikuwa sakafuni amempakata kichanga.

"Shangazi, nenda kwa afisa wa wakimbizi ukaseme kweli. Mwanao anakufa."

"Mwanangu, nikisema, si watatugeukia na sisi? Mimi nimezaliwa Katonga, lakini babu yangu alitoka kulekule. Watatupakia wote kwenda kambini."

"Atakufa, shangazi."

Zuleha alimtazama Mapendo. Kisha akamlaza mtoto kando ya mama yake, akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Alirudi kesho yake asubuhi, safari hii ndani ya gari la afisa. Mapendo alikuwa amekata roho alfajiri, maziwa yamelowesha gauni lake.

"Mkimbizi yuko wapi?" afisa aliuliza.

"Amekufa," Marcelina alijibu. "Amekufa, na dawa ziko ukuta wa pili! Mmeridhika?"

Zuleha akaanguka chini akilia. Afisa alivua kofia, kisha akaivaa tena.

"Poleni sana. Na mtoto?"

"Mtoto kazaliwa hapa hapa wodini. Bibi yake huyu hapa."

"Mtoto wa mkimbizi ni mkimbizi, sista. Bibi yake mwenyewe ndiye aliyesema. Kule kambini kuna wanaolea yatima."

Jamani! Jana mama mtu alikuwa raia wa kunyimwa dawa. Leo mwanawe ni mkimbizi wa kupakiwa garini. Marcelina alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani. Afisa akanyoosha mikono.

Oswald alitokea mlangoni na kopo jipya la maziwa ya unga, la mashirika.

"Huyu hana shida," alisema. "Huyu anastahili."